«You» ya Kiingereza: «Tu» ao «Vous»?

Vijana, neno la mwezi huu linawagusa ninyi mbele ya wengine.

Siku moja saa za jioni kijana wa kwaya yetu alifika nyumbani kwangu. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara ine, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoka kwenye kilio. Nikamwambia: «Ikala kwanza, kunywa mayi.» Hakunywa.

«Baba Pasta,» akasema, «mi nilisikia banatafuta mutu wa kutafsiri ku kampani moja. Bakubwa ya kazi banasema Kiingereza, lakini barua yote inatoka mu Kifransa. Na mi najua zote mbili. Balitupatia majaribio, njo hii karatasi. Balinikatala. Kosa iko wapi?»

Mjue kwamba huyu kijana si mvivu. Alimaliza sekondere hapa kwetu, kisha akakaa miaka miwili Kitwe, upande wa Zambia, kwa mjomba wake, akiuza vyuma vya magari. Kiingereza chake kinatoka mdomoni kama maji. Mama yake ni mjane, anauza unga sokoni, na wadogo wake wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani juu ya minerval. Ile kazi ndiyo ingekuwa masomo ya wale watoto. Kwa hiyo sikutaka kumpa jibu la haraka haraka, la kusema «tuombe tu».

Nikavaa miwani, nikasoma. Kusema kweli, kosa la maandishi sikuona hata moja. Alama zote za juu ya herufi zilikuwa pahali pake. Karatasi iliomba hivi: mkubwa wa kampani anataka kumwandikia Administrateur wa territoire, anasema maneno haya kwa Kiingereza, nawe uyaweke katika Kifransa: «Hi, how are you? Thanks for your letter. Can you come to the mine on Monday? Let me know. See you.» Kijana wetu aliandika: «Salut, comment ça va ? Merci pour ta lettre. Tu peux venir à la mine lundi ? Dis-moi. À plus.»

Neno kwa neno, iko sawa. Kama barua ingekuwa kwa rafiki yake wa kwaya ningempa kumi juu ya kumi. Lakini fikiri Administrateur, mtu mwenye bendera mbele ya biro yake, anafungua bahasha na kukuta «Salut». Na chini yake «À plus», sawa vile vijana wanaachana kwenye kiwanja cha mpira! Yeye hatasema «mtafsiri amekosa». Atasema: «Huyu mzungu wa kampani ananizarau.» Na siku ile kampani inapohitaji sahihi yake, itangojea.

Tukachukua Bic, tukaandika upya pamoja: «Monsieur l'Administrateur, J'ai bien reçu votre lettre et je vous en remercie. Auriez-vous la possibilité de venir à la mine lundi prochain ? Dans l'attente de votre réponse, je vous prie d'agréer, Monsieur l'Administrateur, l'expression de ma considération distinguée.»

Kijana akasoma mara mbili. Akauliza: «Na ile how are you, imeenda wapi?»

Swali zuri sana. Imeondoka. Katika barua ya Kifransa ya biro, mtu haulizi habari za nyumbani. Kwetu sisi Waafrika kuanza kazi bila salamu ni kukosa adabu, na hata Mwingereza anaweka ile «how are you» kidogo mbele, hata kama hangojei jibu. Lakini Mfaransa anaweka heshima yake yote katika majina mawili: lile la juu, «Monsieur l'Administrateur», na kile kisentensi kirefu cha chini, ambacho vijana wanakichekea. Msikichekee. Yule «See you» wa maneno mawili alikuwa mfupi, tukamgeuza kuwa mstari mzima. Ndiyo kazi ya mtafsiri. Hahesabu maneno, anatazama nani anasema na nani.

Sasa sikilizeni shida inatoka wapi. Kiingereza kina mlango mmoja: «you». Kwa mtoto «you», kwa gavana «you», kwa mbwa «you», kwa mfalme «you». Kifransa kina milango miwili, «tu» na «vous», na mtu hawezi kuingia bila kuchagua. Nacho Kiswahili chetu kina «wewe». Basi kijana anatoka ku «you», anapita njiani ku «wewe», na anafika ku «tu» bila kufikiri. Hakuchagua, njia ndiyo iliyomchagulia. Lakini angepita njia ya lugha ya nkambo wake, hangepotea! Ulizeni Wabemba. Kwa rafiki wanasema «Uli shani?» na kwa mtu mzima «Muli shani?», kama vile angekuwa watu wengi. Hakuna mtoto wa Kibemba aliyelelewa vema anayemwambia baba mkwe «Uli shani?» Basi ile heshima ya wingi, ambayo mnafikiri ni ya Wafransa, iko katika nyumba zetu toka zamani.

Na jambo moja litawashangaza. Waingereza nao zamani walikuwa na milango miwili. «Thou» ilikuwa kwa mtu mmoja wa karibu, mtoto, mtumishi. «You» ilikuwa kwa watu wengi ao kwa mkubwa. Pole pole kila mtu akataka kupewa ile ya heshima, mpaka «thou» ikakauka midomoni, karibu na karne ya 17 na ya 18. Waquaker wa George Fox walikataa kuiacha. Walimwambia kila mtu «thou», hata mwamuzi ku tribinali, wakisema mbele ya Mungu watu ni sawa, na wengine walipigwa juu ya neno hilo. Leo «thou» inabaki katika Biblia ya King James ya mwaka 1611 na katika maombi ya wazee. Wazee hao wanafikiri ni neno la heshima kubwa. Lakini lilikuwa neno la karibu, la nyumbani! Na «you», lile tunalogeuza kila siku kuwa «tu», kwa kuzaliwa kwake ni ndugu wa «vous». Kwa hiyo, kijana, ukiwa na mashaka, weka «vous». Ukimwambia mtu «vous» pahali pa «tu», atakuona mgumu kidogo. Ukimwambia «tu» pahali pa «vous», unaweza kurudi nyumbani bila kazi.

Hapa nataka tukae kidogo, maana katika nchi yetu hili si neno la grama tu.

Tarehe 30 Juni 1960, kule Léopoldville, siku ya uhuru, Patrice Lumumba alisimama mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Alihesabu mateso ya wakati wa ukoloni: kazi ngumu kwa mshahara mdogo, matusi, mapigo, mashamba yaliyonyang'anywa. Na katikati ya mambo mazito hayo alitia hili neno dogo. Alikumbusha kwamba mtu mweusi aliitwa «tu», wala si kwa urafiki, maana «vous» yenye heshima ilikuwa ya wazungu peke yao. Fikiri, msomaji. Mtu ana siku moja ya kusema mbele ya ulimwengu wote, na anachagua kusema juu ya «tu» na «vous». Wageni wengine huenda waliona ni jambo dogo. Wazee wetu waliokuwa wanasikiliza radio hawakuona hivyo.

Nkambo wangu alitumika mgodini wakati ule. Alikuwa na watoto sita, na mzee wa kanisa, alipokuwa anaitwa «Toi, viens ici» na kijana mzungu ambaye hakuwa na ndevu. Hakuzungumza sana juu ya fimbo. Juu ya ile «toi», alizungumza mpaka alipokufa. Alikuwa anajua Kifransa kidogo sana, lakini ile tofauti aliisikia vizuri kuliko mwalimu.

Baadaye, miaka ya 1970, wakati nchi inaitwa Zaïre, «Monsieur» na «Madame» ziliwekwa kando, kila mtu akawa «Citoyen» na «Citoyenne». Hata Wafransa walijaribu kitu kama hicho katika mapinduzi yao: mwaka 1793 walitaka watu wote waambiane «tu». Haikudumu. Na kwetu, kutoka 1990, «Monsieur» alirudi na tai yake.

Kwa hiyo kijana wa leo anapotafsiri maneno ya mkubwa mgeni kwa wafanyakazi wetu, akageuza kila «you» kuwa «tu», anarudisha ile sauti ya zamani bila kujua. Yule mkubwa mwenyewe hakusema vibaya. Alisema «you», neno safi. Aliyeweka dharau ni mtafsiri, mtoto wa nyumba! Mwingereza akisema «Can you sign here, please?» kwa baba mwenye mvi, wewe sema: «Pourriez-vous signer ici, s'il vous plaît ?» Usiseme «Signe ici».

Tena msiniambie kwamba «vous» ni nzuri kila pahali. Kuna watu wanaojifunza somo hili halafu wanaharibu nyumba. Rafiki wa miaka mingi akikuita ghafula «vous», ujue amekasirika ao anataka kukudai deni. Bwana na bibi hapa kwetu wanaambiana «tu», na mtoto wa shule ambaye unamwambia «Comment allez-vous ?» atageuka kutazama nani amesimama nyuma yake. Kati ya watu wa umri mmoja, kwaya, timu ya mpira, «tu» ndiyo sawa. Kazini, ngojea. Mkubwa ndiye anayefungua mlango, anasema «On peut se tutoyer», nawe unaingia. Mdogo hafungui. Na katika maombi Waprotestanti wa Kifransa wanamwambia Mungu «tu» toka zamani. Wakatoliki walikuwa wanasema «vous» katika Baba Yetu, na mwaka 1966 nao wakapita ku «tu». Basi mtu yule yule, asubuhi anamwambia Muumba wake «tu», na saa mbili anamwambia shefu wa biro «vous». Hilo halipingani. Anayekaa karibu nawe kuliko wote, huhitaji kumpigia hodi.

Twende sasa kwa maneno ya kila siku. Sitayapanga kama kamusi, nitayachukua vile yanavyotoka kwenye mifuko yenu.

«Hello» na «Hi». Kwa heshima ni «Bonjour, Monsieur», «Bonjour, Madame», na usiache lile jina la pili. «Bonjour» peke yake kwa mtu mzima ni kama kutoa mkono mmoja mfukoni. Kwa rafiki «Salut» inatosha. Jioni ukifika unasema «Bonsoir». Hapa wengi wanaanguka: Mwingereza anasema «Good evening» akifika na «Good night» akienda kulala, na Mfaransa vilevile, «Bonne nuit» ni ya kitanda. Nimesikia mwongozaji wa ibada ya saa kumi na mbili jioni akikaribisha wageni kwa «Bonne nuit à tous». Wageni wakacheka, wakafikiri ibada imekwisha kabla ya sadaka.

«What?» Hii ni hatari. Ukikosa kusikia, Mwingereza wa mtaani anasema «What?» na watu hawakasiriki sana. Usiseme «Quoi ?» kwa mkubwa. Sema «Pardon ?» ao «Comment ?», na kwa heshima zaidi «Je vous demande pardon ?» Ile «Hein ?» iachieni fundi na msaidizi wake chini ya gari.

«You're welcome», kisha kuambiwa aksanti. Si «Bienvenue»! Wakanada wa Québec wanaisema hivyo, na kwao ni sawa, lakini hapa mtu atatafuta mzigo wake, atafikiri unamkaribisha nyumbani. Kwa heshima: «Je vous en prie.» Kwa rafiki: «De rien», ao «Pas de quoi». Na mkisikia Mbelgiji anakupa kitu na kusema «S'il vous plaît», hakuombi kitu. Kwao ndiyo namna ya kusema «chukua, karibu». Wazee wetu waliotumika na Wabelgiji wanaijua, vijana inawachanganya.

«Please» yenyewe ina milango yake. «S'il te plaît» kwa ndugu, «s'il vous plaît» kwa mgeni, na ku biro «Veuillez». «Please sit down»: «Assieds-toi» kwa mdogo wako, «Asseyez-vous, je vous en prie» kwa mgeni, na kwenye karatasi ya kubandika ukutani «Veuillez vous asseoir». Tena, «I want» ya Kiingereza msiipeleke kavu ku «Je veux». Mtoto anayelia ndiye anasema «Je veux». Ninyi semeni «Je voudrais».

Namna ya kuuliza nayo inaonyesha wewe ni nani mbele ya nani. «Where are you going?» inaweza kuwa «Où allez-vous ?» kwa Kifransa kilichovaa koti, «Vous allez où ?» kwa Kifransa kilichofungua kifungo kimoja, na «Tu vas où ?» kwa Kifransa cha nyumbani. Zote tatu ni Kifransa. Vilevile «I don't know»: kwenye karatasi ni «Je ne sais pas», mdomoni watu wanaangusha ile «ne» na kusema «Je sais pas». Ukiiangusha kwenye barua, msomaji ataona shimo.

Na hii, andikeni ndani ya daftari: «I'm looking for a job.» Kwa rafiki: «Je cherche du boulot.» Kwa jirani: «Je cherche du travail.» Katika barua: «Je suis à la recherche d'un emploi.» Njaa ni ile ile, lakini nimeona barua ya kuomba kazi yenye neno «boulot» ndani, na ninajua ilimalizikia wapi. Barua yenyewe ianze «Monsieur le Directeur», bila «Cher» kama hamfahamiani, na bila kuandika jina lake la jamaa pale, hata kama Mwingereza anaandika «Dear Mr» na jina. Ile «I look forward to hearing from you» ni «Dans l'attente de votre réponse». Kwa rafiki tu ndipo unasema «J'attends de tes nouvelles».

Wale wanaovuka Kasumbalesa nao wajue kwamba mtego uko upande wa pili vilevile. Kwa Kifransa «je demande» ni kuomba kwa upole. Mtu anaipeleka Zambia hivyo hivyo: «I demand a job.» Kule «demand» ni kudai kwa nguvu, kama mtu anayepiga meza. Semeni «I would like to apply for a job».

Sasa kuna maneno ambayo ukiyatafsiri sawa vile yalivyo, yanavua watu nguo mbele ya kanisa. Niruhusuni niyaseme wazi, maana vijana wetu wa kike na wa kiume wanasimama kutafsiria wageni ibadani. Mama mgeni anasema kwa furaha: «I'm excited to be with you.» Usiseme «Je suis excitée»! Katika masikio ya wengi hiyo ni tamaa ya mwili. Sema «Je suis très heureuse d'être parmi vous». Anapanguza jasho, anasema «I'm hot»: ni «J'ai chaud», kamwe si «Je suis chaude». Mnamwongezea bukari, anasema «I'm full»: usiseme «Je suis pleine», maana hivyo wanasema kwa ng'ombe mwenye mimba, na kwa mwanamume «plein» inaweza kuwa mlevi. Sema «J'ai très bien mangé, merci». Na wewe bwana uliye mbali na bibi yako, ukitaka kuandika «I miss you», ni «Tu me manques». Ukiandika «Je te manque», unamwambia kwamba yeye ndiye anayekukumbuka wewe. Hata kama ni kweli, si salamu.

Msifikiri ninacheka vijana. Mimi mwenyewe nilianguka vibaya kuliko wote, tena mbele ya watu wenye njaa.

Miaka kadhaa imepita. Kampani moja ndogo iliyokuwa inabeba mawe ya mgodi ilikuwa na deni la mishahara ya miezi mitatu. Wafanyakazi walikusanyika kwenye uwanja, kofia za kazi vichwani, na wengi wao walikuwa baba wa kanisa letu. Mkubwa wa kampani alikuwa mtu wa Kiingereza. Wakaniita nitafsiri, sababu nilijifunza Kiingereza kidogo ku shule ya Biblia, na sababu watu wananiamini. Yule mkubwa akasema: «We will eventually pay everything.» Nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya mahubiri: «Nous paierons éventuellement tout.»

Msomaji unayejua lugha hizi mbili, umekwisha kushika kichwa. Kwa Kiingereza «eventually» ni mwishowe, hata kama itakawia. Kwa Kifransa «éventuellement» ni labda, kama itawezekana. Yule mtu alitoa ahadi, mimi niliwapa watu «labda». Ukimya ukaingia. Kisha kofia moja ikaanguka chini kwa nguvu, kisha ingine. Mtu akapiga kelele: «Pasta, miezi tatu, na anasema labda?» Walianza kusukumana kwenda mbele. Nikamwona yule mkubwa anarudi nyuma, hajui amesema nini kibaya.

Karani mmoja, mtu wa Kipushi aliyesoma upande wa Zambia, ndiye aliyeniokoa. Alikuja karibu, akaninong'oneza: «Pasta, si éventuellement. Ni finalement. Muambie aseme siku gani.» Nikainua mikono. Nikasema kwa Kiswahili, maana sikuamini tena Kifransa changu: «Ba ndugu, kosa ni ya mi. Yeye hakusema labda. Anasema atalipa yote, lakini itakawia. Ngojeni nimuulize tarehe.» Nikamuuliza. Akatoa tarehe. Ikaandikwa kwenye karatasi, mbele yao wote, «au plus tard le» na siku yenyewe. Mishahara haikufika siku ile ile; ilifika kwa vipande viwili. Lakini uwanjani pale hakuna mtu aliyepigwa. Toka siku ile, nikitafsiri ahadi ya pesa ninauliza kwanza «When?» kabla ya kufungua mdomo kwa Kifransa. Na nikisikia neno la Kiingereza linalofanana sana na la Kifransa, ninasimama kidogo, kama mtu anayeona waya chini njiani.

Hiyo yote nilimweleza yule kijana wa kwaya. Ile jioni ya kwanza haikutosha. Alirudi mara tatu, daftari mkononi. Tulifanya mchezo: mimi ninasema neno la Kiingereza, yeye ananijibu mara mbili, kwanza kwa shefu, kisha kwa rafiki. «Never mind.» Kwa shefu: «Cela n'a pas d'importance, Monsieur.» Kwa rafiki: «C'est pas grave.» «Help yourself.» «Servez-vous, je vous en prie.» «Sers-toi.» Bibi yangu alikuwa anapika na kusikiliza. Mara ya tatu alimpa sahani akimwambia «Servez-vous, Monsieur», na kijana akaona haya.

Kisha akaandika barua yake mwenyewe, bila mimi, kwa kampani ingine. Nilipoisoma nilisahihisha pahali pamoja tu: aliandika «Je veux travailler chez vous». Tukaweka «Je souhaiterais».

Aliipeleka kwa miguu, na shati ya bwana wa dada yake. Aliniambia kwamba kwenye mapokezi kulikuwa mama mmoja wa makamo. Alisimama mbele yake, akasema: «Bonjour, Madame. Pourriez-vous, s'il vous plaît, remettre cette lettre à Monsieur le Directeur ?» Yule mama alifungua bahasha, akasoma toka juu mpaka chini, akaivuta kiti kilichokuwa pembeni, akamwambia: «Asseyez-vous, Monsieur.»

«Baba Pasta,» akaniambia kijana, «kwanza nilitazama nyuma, juu ya kuona huyo Monsieur ni nani.»

Kazi yenyewe hajaipata bado. Wamechukua namba ya simu, wamemwambia angojee.